Tabaka lina jina. Umri je?

Fundi alikuwa chini ya kisima, amezama kiasi kwamba sauti yake ndiyo iliyotangulia kufika juu, ndoo ikafuata. Kila udongo ulipobadilika alitutangazia. "Kinongo kimekwisha, hiki sasa kinamo." Baadaye kidogo: "Mchanga. Mchanga wenye vipande." Vijana wawili walikuwa wakivuta kamba, na mimi nimesimama kando ya lundo la udongo nikijifanya nina kazi.

Shamba ni la ami yangu, upande wa Wete. Binti wa dada yangu, yuko sekondari, akaokota bonge lililogandana na vipande vya kombe, akaligeuzageuza, akanisogezea usoni.

"Mjomba, hili lina miaka mingapi?"

Ami akadakia kabla yangu. "Muulize fundi kwanza kama lina maji."

Tukacheka, kazi ikaendelea. Lakini nilirudi Unguja na swali lile, na wiki kadhaa likawa linanikaa kichwani nikiwa kwenye daladala, nikiwa kwenye foleni ya benki, hata kwenye khutba, Mungu anisamehe. Si kwamba sikupata jibu. Majibu nimeyapata mengi mno. Kilichonikera ni kuwa fundi alikuwa na jina la kila tabaka na hakuhitaji umri wa hata moja, na mimi nilikuwa na umri mwingi wa kusoma na sikuweza kusema umri ule ni wa nini hasa.

Majina ya mkononi

Wakulima wa visiwa hivi waliugawa udongo zamani. Kinongo ni ule mwekundu wa juu ya mawe ya chokaa. Kinamo ni mfinyanzi, mvua ikinyesha unakuvua kiatu. Kichanga kinajieleza. Maweni ni kule ambako jiwe la matumbawe limetoboa ardhi na jembe halina la kufanya. Uwanda ni tambarare za majani. Haya ni majina ya macho na vidole. Unaushika udongo, unausugua, unautaja. Hakuna anayeuliza uliwekwa lini.

Nilidhani wanajiolojia wanafanya kinyume, kwamba kwao umri ndio unaotangulia. Kumbe kanuni yao iko karibu sana na ya yule fundi. Mwongozo wa kimataifa wa kupanga matabaka, uliotoka mwaka 1976 chini ya uhariri wa Hollis Hedberg, unataka kundi la matabaka litambulike kwa kile kinachoonekana: aina ya mwamba, chembe zake, mahali linapoanzia na linapoishia. Jina litoke mahali: mto, kijiji, kilima. Lazima pawepo na sehemu ya mfano, yaani genge au korongo ambalo mtu mwingine anaweza kwenda akasimama mbele yake akasema, naam, ndilo hili. Na lazima uchapishe, si kulitaja tu barazani.

Umri haumo kwenye masharti hayo.

Nilisoma hapo mara mbili. Kwa hesabu hii unaweza kulipa tabaka jina kamili, halali, na usijue kama ni la juzi au la enzi za dinosari.

Weti kwa tahajia ya zamani

Kwetu kazi hiyo ilifanywa kitambo. Mwaka 1928 ilichapishwa hapa Zanzibar ripoti ya G. M. Stockley juu ya jiolojia ya visiwa, na mwaka mmoja kabla yake ilitangulia ripoti ya visukuku, ambamo L. R. Cox alichambua makombe na konokono wa baharini waliookotwa kwenye miamba ya Unguja na Pemba. Matabaka ya Pemba yakapewa majina ya miji, Weti na Chake Chake. Makombe yale ndiyo yaliyosema zama: Miosini, kipindi ambacho vitabu vya leo vinakiweka kati ya miaka milioni 23 na milioni 5.3 iliyopita. Jiwe la matumbawe la ufukweni, lile tunalojengea na kuchomea chokaa, ni la baadaye sana, la Pleistosini, yaani zama za barafu.

Hebu tazama upana huo. Kutoka milioni 23 hadi milioni 5.3. Ukimwambia mwanafunzi wa sekondari, anakutazama kama umemwambia basi litafika kati ya leo na mwakani.

Baadaye zikaja ramani za wataalamu wa maji wa Unguja, na humo matabaka yakaandikwa kwa herufi na namba. M1, M2, M3 kwa ya Miosini. Q1, Q2, Q3 kwa ya Kwatenari, zama zinazoanzia miaka milioni 2.58 iliyopita. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kuchimba ni rahisi, sina ugomvi naye. Ila M ile si jina la mwamba, ni dai la umri lililovaa kanzu ya jina. Siku mtu akionyesha kuwa sehemu ya M3 ni changa kuliko Miosini, herufi itakuwa inasema uongo kila inapoandikwa, na ramani yote itabidi ichorwe upya. Tabaka la Weti halina tatizo hilo. Libadilishiwe umri mara kumi, Wete iko palepale.

Mpaka hapa nilikuwa nimeridhika: jina mbali, umri mbali. Nikataka kuona mahali ambapo umri unajulikana kwa namba, si kwa zama, ili nielewe namba hutoka wapi.

Hutoka kwenye moto.

Saa inayoanza na mlipuko

Mchanga hauna umri wake. Chembe ya mchanga wa Pemba ililetwa na mito kutoka bara, na ukiipima utapata umri wa jabali la bara ilikomeguka, mara nyingi mamia ya mamilioni ya miaka. Inakwambia alikozaliwa msafiri, haikwambii lini alifika. Kikomo kimoja tu unakipata: tabaka haliwezi kuwa kongwe kuliko chembe yake changa kuliko zote.

Majivu ya volkano ni habari nyingine. Yanazaliwa na kutua karibu siku hiyohiyo. Ndani yake mna fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Nusu yake hupungua kwa kila miaka milioni 1,250. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka, kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Ukipoa, mfuniko umerudi, na kila agoni inayozaliwa inabaki ndani. Pima agoni, pima potasiamu, piga hesabu.

Kwa hiyo palipo na mashapo na majivu yaliyopangana kwa zamu, mashapo yanahifadhi viumbe na majivu yanahifadhi tarehe. Tanzania bara imejaliwa hilo. Mjiolojia wa Kijerumani, Hans Reck, alipofika Oldupai mwaka 1913 aliyapa matabaka namba, la I hadi la V kutoka chini kwenda juu, bila kujua umri wa lolote. Mary Leakey alipookota fuvu la jamii ya binadamu wa kale kwenye tabaka la I mwezi Julai 1959, mumewe Louis alilikadiria miaka kama 600,000. (Wakaliita *Zinjanthropus*, kwa Zinj, jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliliita pwani yetu. Fuvu la Oldupai, jina la Pwani, na sisi hatukualikwa.) Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wakapima majivu ya tabaka lile kwa potasiamu na agoni: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio.

Tabaka la I likabaki tabaka la I.

Namba za Reck hazikusalimika zote, lakini angalia sababu. La V liligawanywa likawa Ndutu na Naisiusiu, na sehemu ya juu ya la IV ikawa Masek, kwa kuwa waliozichunguza tabaka zenyewe kwa makini waliona mwamba mmoja unaishia hapa na mwingine unaanzia pale.

Nguruwe dhidi ya mashine

Baada ya Oldupai nikawa muumini wa majivu. Kama kuna agoni, makombe ya nini? Kisha nikakutana na kisa cha Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana nchini Kenya, kikanivuruga.

Pale pana tabaka la majivu linaloitwa KBS, herufi za eneo la mtafiti Kay Behrensmeyer. Sampuli ya kwanza iliyopelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller ilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Upuuzi mtupu, maana mto ulikuwa umechanganya majivu na vipande vya miamba mikongwe. Wakachagua fuwele safi zaidi, wakapata milioni 2.61, na namba hiyo ikasimama. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaokota mabaki ya fuvu maarufu la binadamu wa kale, lenye namba 1470, chini ya tabaka hilo, na fuvu likawa lazima lizidi milioni 2.6.

Waliokataa hawakuwa na mashine. Walikuwa na nguruwe. Basil Cooke alikuwa amefuatilia jinsi meno ya nguruwe wa kale yalivyobadilika hatua kwa hatua, na nguruwe waliotoka chini ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, kwenye matabaka ya karibu miaka milioni 2. Mmoja kati ya wawili alikuwa amekosea, nguruwe au agoni. Ubishi ukaenda miaka, na si wa kistaarabu wakati wote. Mwaka 1975 Curtis akatoa namba ndogo zaidi. Vipimo vya mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikafunga mjadala kwenye takriban milioni 1.88.

Nguruwe walishinda. (Kwa msomaji wa kisiwani ni sentensi ngumu kuiandika, lakini haki ni haki.)

Nilikaa na kisa hiki muda mrefu kuliko vingine. Kwanza, kiliniondolea ile dharau kwa makombe ya Cox. Kiumbe kilichoishi kipindi kifupi, kikaenea mbali, kisha kikatoweka, ni shahidi, na shahidi huyo aliwahi kuisahihisha maabara. Pili, lile tabaka lilivishwa namba zaidi ya milioni 200, kisha 2.61, kisha 1.88, na wakati wote huo liliitwa KBS. Ndiyo maana waliweza kubishana. Kama jina lingebeba umri ndani yake, kila kambi ingekuwa inazungumzia tabaka lake.

Jina moja, zama mbili

Nilitaka makala iishe hapo. Rukwa ikakataa.

Kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye bonde la ufa la Rukwa, kuna mawe mekundu ya mchanga ambayo kwa miongo mingi yaliitwa kundi moja, Mawe Mekundu ya Mchanga basi. Wekundu ndio ulioyaunganisha. Kuhusu umri watu walitofautiana vibaya: wengine waliyaweka zama za dinosari, wengine waliyaleta karibu na sisi kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Kila upande ulikuwa na ushahidi.

Na kila upande ulikuwa na haki, kwa kipande chake. Eric Roberts na wenzake, miongoni mwao Watanzania, walipopita makorongo yale upya walionyesha kuwa wekundu ulikuwa unaficha vitu viwili. Chini ni Fomesheni (yaani kundi la matabaka lenye jina rasmi) ya Galula, ya Kretasia, zama za dinosari, kulikotoka dinosari wenye majina ambayo mtoto wa Pemba anayasoma bila msaada: *Shingopana* na *Mnyamawamtuka moyowamkia*. Juu yake ni Fomesheni ya Nsungwe, na sehemu yake ya juu, inayoitwa Songwe, ina majivu ya volkano. Ndani ya majivu mna zirkoni, fuwele ambayo ikizaliwa hukubali urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi utakayoikuta humo baadaye ni mtoto wa urani, nayo inahesabika. Jibu likawa karibu miaka milioni 25. Mwaka 2013 mabaki ya taya na meno kutoka matabaka hayo yalitangazwa kwa majina ya *Rukwapithecus* na *Nsungwepithecus*, ya miaka milioni 25.2, ushahidi mkongwe kuliko wote wakati huo wa masokwe na wa nyani wa ulimwengu wa kale.

Sasa ile kanuni yangu nzuri, jina mbali na umri mbali, ilikuwa wapi? Hapa umri ndio uliolivunja jina. Bila tarehe mbili zinazopingana, nani angeenda kuutilia shaka wekundu ule?

Nililizungusha hili kichwani hadi nikakubali namna moja ya kulisema. Umri haukutosha kuligawa kundi. Uliwatuma watu warudi korongoni, na huko wakakuta tofauti zinazoshikika kwenye mwamba wenyewe, majivu yakiwemo. Jina jipya lilitoka kwenye mwamba. Umri ulikuwa mlalamikaji tu, hakimu alikuwa mwingine. Najua kuna atakayesema natetea kanuni kwa ujanja. Huenda. Lakini nikiulizwa nichague kati ya ramani iliyogawanywa na mtu wa maabara asiyeliona korongo, na iliyogawanywa na mtu wa korongoni asiye na maabara, nachukua ya pili, halafu namtafutia maabara.

Sisi hatuna majivu

Unguja na Pemba hazina volkano. Kuna aliyeniambia kwa uhakika mkubwa kwamba lazima upepo ulituletea majivu ya Kilimanjaro, tuyatafute chini ya Wete. Kilimanjaro ilianza kulipuka kama miaka milioni 2.5 iliyopita. Matabaka ya Miosini yalikuwa yamekwisha kulala siku nyingi.

Watafuta mafuta walichimba visima virefu visiwani kuanzia miaka ya 1950, cha Unguja kikapita mita 4,000 na cha Pemba mita 3,800, na hata huko chini kazi kubwa ya kupanga zama iliangukia foraminifera, viumbe wa baharini wenye magamba, wengi wadogo kuliko chembe ya mchanga. Frank Eames na Peter Kent waliandika mwaka 1955 juu ya matabaka ya Miosini ya pwani ya Afrika Mashariki kwa njia hiyo. Ni shahidi wa aina ya nguruwe wa Cooke, mdogo zaidi na, kwa sisi, asiye na utata wa kisheria.

Lakini kuna jambo jingine lililokuwa limejificha ndani ya swali la kisimani, na naona linawapoteza wengi, hasa wanaowatembeza wageni. Wanachukua umri wa jiwe wanaufanya umri wa kisiwa.

Jiwe la Unguja likiwa la Miosini, Unguja kuwa kisiwa si jambo la Miosini. Mkondo kati yake na bara ni wa kina kifupi. Wakati wa zama za barafu bahari ilishuka mita zipatazo 120, na huko nyuma mtu angevuka kwenda Bagamoyo kwa miguu. Pango la Kuumbi, kule Jambiani, limetoa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawakuja kwa jahazi. Bahari ilipopanda tena, ndipo tukawa kisiwa, na hilo ni suala la maelfu ya miaka tu. Pemba ni kesi tofauti kabisa. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, barafu isingeweza kuukausha, na kutengana kwake na bara ni kwa mamilioni ya miaka. Mawe ya visiwa viwili yanakaribiana umri, visiwa vyenyewe havikaribiani hata kidogo.

Kwa hiyo ukiulizwa "lina miaka mingapi," uliza kwanza: kombe, tabaka, au kisiwa?

Chaza mmoja mzima

Ipo njia ambayo ningependa kuona mtu anaijaribu Pemba, nayo haihitaji volkano. Maji ya bahari yana strontiamu, na uwiano wa aina zake mbili umekuwa ukibadilika kwa muda mrefu huku ukiwa sawa katika bahari zote kwa wakati mmoja. Kiumbe anapojenga gamba lake anaufungia uwiano wa siku hizo. Katika Miosini uwiano huo ulipanda kwa kasi, kwa hiyo gamba zuri linaweza kusomwa kwa kosa la chini ya miaka milioni moja. Ukilinganisha na ule upana wa milioni 23 hadi 5.3, ni kama kuhama dunia.

Kikwazo ni mvua yetu. Maji yanayopita ndani ya jiwe la chokaa huyeyusha magamba na kuyajenga upya, na uwiano wa zamani unapotea. Makombe na konokono wengi huharibika kwanza, kwa sababu madini ya magamba yao si imara. Chaza hustahimili zaidi, gamba lake ni la kalsaiti.

Lile bonge la kisimani nimeagizia lihifadhiwe. Kwa picha niliyotumiwa, vipande vingi ni kombe laini lililokwisha kuwa unga, haliwezi kufaa. Pembeni mwake pana kipande kimoja kinene chenye tabakatabaka, rangi ya kijivu, kinachofanana na chaza. Kama kuna mwanafunzi au mwalimu anayesoma hapa na ana njia ya kukipeleka kwenye maabara, anijulishe. Aje na nyundo pia, kwa maana kipande kimoja hakitoshi, na fundi anasema bado wanateremka.